Uloto na Kuzaliwa kwa Chembe za Damu

Mgonjwa akiambiwa kwamba damu yake imepungua, huenda akadhani imepungua kama maji yapunguavyo mtungini. Pengine ndivyo, kama amejeruhiwa. Lakini mara nyingi kilichopungua si umajimaji wenyewe, bali ni chembe nyekundu, au ile himoglobini iliyomo ndani yake. Jina la ugonjwa halionyeshi tofauti hiyo. Kwa hiyo yafaa kueleza chembe hizo huzaliwa wapi na kwa njia gani.

Chembe za damu ni za namna tatu: nyekundu, zichukuazo oksijeni kutoka mapafuni, nyeupe, zipiganazo na maradhi, na chembe sahani, zisaidiazo damu kuganda penye jeraha. Zote asili yake ni uloto, ule ulaini uliomo ndani ya mifupa, ambao wengine huuita uboho. Jambo hili lilielezwa mwaka 1868 na Ernst Neumann, mtaalamu wa Königsberg. Mtoto akiwa bado tumboni, ini na bandama hushiriki katika kazi hii. Kwa mtu mzima hufanyika hasa katika uti wa mgongo, mbavu, kidari, nyonga na fuvu.

Ndani ya uloto zimo seli shina. Jina hili lafaa sana, kwa kuwa matawi yote ya damu huchipuka hapo, na shina lenyewe hubaki likijizidisha. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch, wa Toronto nchini Kanada, walitoa ushahidi wa kuwako kwake kwa majaribio ya panya.

Ama chembe nyekundu, amri ya kuzizidisha hutoka katika figo. Figo zikihisi uhaba wa oksijeni, hutoa homoni iitwayo erithropoetini, nayo huuhimiza uloto. Chembe changa hujaa himoglobini, hutupa kiini chake, kisha huingia mishipani. Kazi hiyo yahitaji madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini B12. Chembe huishi siku 120 hivi. Ikizeeka huvunjwa, hasa katika bandama na ini, na chuma chake hutumiwa tena. Ili kufidia zinazokufa, uloto huzaa chembe nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde.

Basi twaona kwamba upungufu wa damu ni jina moja lenye sababu nyingi. Aliyekosa chuma atafaidika na chuma. Lakini mwenye figo mbovu aweza kula chuma tele, na uloto wake usipate amri ya kutosha. Mwenye selimundu naye ana shida nyingine: chembe zake hupinda kama mundu na huishi siku 10 hadi 20 tu, hata uloto ukawa mbioni daima. Ndiyo sababu hupewa asidi ya foliki. Na maradhi yakiusimamisha uloto huo kwa siku chache tu, maisha yake huwa hatarini.

Neno selimundu lamweleza mgonjwa umbo la chembe zake. Haifai tuishie kumwambia kwamba damu imepungua. Tumweleze pia kama imekosa chakula, imekosa amri, au yavunjika kabla ya wakati wake.