Mbegu za pilipili hoho: anza na tunda lililoiva

Je, umewahi kutoa mbegu kwenye pilipili hoho ya kijani uliyonunua sokoni, ukazipanda, zisiote? Huenda hukukosea kupanda. Hoho ya kijani kwa kawaida huwa imechumwa kabla ya kuiva. Ikiachwa shambani, hugeuka nyekundu au njano. Mbegu zilizo ndani ya tunda changa mara nyingi hazijakomaa.

Kwa familia inayolima kiwanja kidogo Nakivale, Kyaka II au vijiji jirani nchini Uganda, kupoteza msimu mmoja ni hasara kubwa. Zingatia mambo haya:

Chagua tunda. Kwenye mmea wenye afya, acha hoho mbili au tatu ziive kabisa. Toa mbegu, zianike kivulini hadi zikauke vizuri, kisha zihifadhi kwenye karatasi mahali pakavu.

Soma pakiti. Mbegu chotara, zilizoandikwa F1, huzaa vizuri, lakini mbegu utakazotoa kwenye matunda yake hazitafanana na mama yao. California Wonder si chotara, hivyo unaweza kurudia mbegu zake.

Tenga na pilipili kali. Wadudu huchanganya chavua. Hoho ya msimu huu itabaki tamu, ila mbegu zake zinaweza kuzaa hoho kali msimu ujao.

Andaa kitalu. Hata kopo lililotobolewa chini linatosha. Fukia mbegu kina cha sentimita 1 na weka udongo unyevu, usiwe tope. Mbegu huota kati ya wiki 1 na 3. Hamisha miche ikiwa na wiki 6 hadi 8, wakati wa jioni, na acha sentimita 45 kati ya mche na mche.

Badilisha eneo. Usipande palipokuwa na nyanya, biringanya au viazi mviringo. Ni mimea ya ukoo mmoja na hoho, na magonjwa yake hubaki ardhini.

Maua yakidondoka, usikimbilie dawa. Mara nyingi sababu ni joto kali, ukosefu wa maji au mbolea ya nitrojeni iliyozidi. Funika udongo kwa nyasi kavu na mwagilia asubuhi.

Ukiona miche inanyauka ingawa ina maji, ing'oe na umwone afisa ugani wa eneo lako mapema.