Lafudhi ya Dukani

Mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja Morogoro ameniandikia akiwa na kinyongo. Baba yake ni mwalimu, mama yake muuguzi. Mkufunzi wa somo la ujasiriamali kaliambia darasa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka: waliozaliwa na wafanyabiashara wanayo biashara damuni. "Sisi watoto wa mshahara ndiyo basi tena?" anauliza.

Habari za mtaji na mchanganuo wa biashara nazipita, zimejaa kwenye vitini. La damu ndilo tamu, maana wapo waliolitafutia jibu kwa njia ya kupendeza.

Watoto wa wafanyabiashara huingia biashara kuliko wengine, hilo halina ubishi. Kinachosumbua ni sababu, kwa kuwa anayemzaa mtoto kwa kawaida ndiye anayemlea, na ndiye anayemwachia duka. Utayatenganishaje? Uswidi kila mkazi ana namba ya utambulisho tangu 1947, na rejista zao zinaonyesha nani kamzaa nani, nani kamwasili nani, na kila mmoja anafanya kazi gani. Mtoto aliyeasiliwa ana jozi mbili za wazazi: waliompa damu bila kumlea, na waliomlea bila kumpa damu. (Neno la sheria, kuasili, limebeba "asili" tumboni, ilhali hapa tunataka kuitenga asili na malezi. Basi niwaite wazazi wa damu na wazazi walezi.)

Wachumi Matthew Lindquist, Joeri Sol na Mirjam van Praag walizichambua rejista hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Mzazi mjasiriamali huongeza uwezekano wa mtoto kuwa mjasiriamali kwa takriban asilimia 60. Kwa walioasiliwa, jozi zote mbili zina mchango, ila wa malezi ni mara mbili ya ule wa damu. Walezi wametoa nini hasa? Fedha? Duka lenyewe? Walipopima maelezo kadhaa, ushahidi ulielemea upande wa kuiga.

Ni kama lafudhi. Mtoto aliyelelewa Pemba husema Kipemba hata kama waliomzaa ni wa Tabora, na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Duka nalo lina lafudhi yake: mama anavyomwambia mdaiwa "lete hata nusu" bila kumpoteza mteja, sauti inavyoshuka msambazaji akitaja bei, ukimya wa jioni mauzo yakiwa mabaya, kisha kesho yake saa 12 alfajiri mlango uko wazi. Mtoto anayefanyia kazi za shule juu ya gunia la mchele anayaokota yote hayo, asijue kuwa anajifunza. Ukubwani neno hasara halimtishi, kalizoea nyumbani. Mwenzake wa nyumba ya mshahara ataisoma sarufi ya biashara chuoni, atapata A, lakini akifungua mdomo mbele ya mteja utamjua mgeni.

Najua, lafudhi haina fungu la damu. Na Uswidi si Morogoro. Tuendelee.

Utafiti wa GUESSS, unaoratibiwa kutoka Uswisi, mwaka 2016 uliwahoji wanafunzi zaidi ya 122,000 katika nchi 50. Asilimia 80.3 walitaka kuajiriwa mara tu wakihitimu. Waliotaka biashara yao papo hapo ni 8.8. Walipoulizwa wanataka kuwa wapi miaka mitano baadaye, wa biashara wakafika 38.2. Wapo wanaouita huo woga. Mimi nawaona watu wanaotaka kwanza kwenda kuishi kwa wenye lugha.

Na mwenye lugha si lazima awe mzazi. Alex Bell, Raj Chetty na wenzao, katika utafiti uliochapishwa 2019, walifuatilia wavumbuzi wa Marekani zaidi ya milioni moja, wakaona kwamba watoto waliokulia kwenye maeneo yenye wavumbuzi wengi wa fani fulani huwa wavumbuzi wa fani hiyohiyo. Kwa hiyo, mwanangu, semina nyingine ya hoteli iache. Likizo hii omba kusimama nyuma ya kaunta ya mtu anayekula kwa mauzo yake, na ukae hadi siku ya kufunga hesabu. Kama wewe ni binti, maana hukusema, mtafute mwanamke: wasichana wa Marekani waliambukizwa na wavumbuzi wa kike wa eneo lao, wale wa kiume hawakuwaongezea kitu.