Mtoto anataka ‘Nemo’? Chagua samaki mpole anayefaa maji ya Kyela

Mtoto akimaliza kutazama filamu ya Finding Nemo kwenye simu ya mama, ombi linalofuata mzazi analijua: “Mama, ninunulie samaki kama huyu.” Tangu filamu hiyo itoke mwaka 2003, samaki huyo mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe amekuwa kipenzi cha watoto duniani.

Kufuga samaki nyumbani ni jambo jema. Mtoto hujifunza kutunza kiumbe, kuwa na subira na kufuata ratiba. Lakini kwa familia ya Kyela, samaki anayefaa si Nemo. Yuko karibu zaidi, naye pia anahitaji kuchaguliwa kwa makini.

Nemo ni wa maji chumvi

Nemo ni samaki wa baharini. Ndugu zake wanapatikana hata pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Zanzibar na Mafia, wakijificha katikati ya minyiri ya anemoni. Aina ya Nemo mwenyewe ni wapole, na hufugwa wawili, mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Yule mkubwa ndiye huwa jike.

Tatizo ni maji. Kila lita inahitaji takribani gramu 35 za chumvi maalumu ya bahari, hivyo tangi la lita 200 linameza kilo saba. Chumvi ya jikoni haifai. Ukiongeza matumbawe, unahitaji pia taa zenye nguvu na uangalizi wa kila siku. Kwa anayeanza, mbali na bahari, huo ni mzigo mzito.

Uzuri si upole

Ziwa Nyasa lina zaidi ya aina 500 za samaki wa jamii ya sato, na wengi wao hawapatikani kwingine popote duniani. Kyela wanaofahamika zaidi ni wa sufuriani, kama mbasa na usipa. Lakini kwenye miamba, kama ile iliyo chini ya milima ya Livingstone karibu na Matema, wanaishi samaki wadogo wa bluu, njano na michirizi, maarufu kwa jina la mbuna. Hao wanafugwa majumbani Ulaya na Marekani kwa miongo mingi.

Mbuna wengi ni wagomvi. Dume hushika pango lake na kumfukuza kila anayekaribia, hasa mwenye rangi inayofanana na yake. Mfano mzuri ni Melanochromis auratus. Akiwa mdogo ana michirizi ya njano na nyeusi inayomvutia kila mtoto, lakini akikomaa anaweza kuua wenzake tangini. Mzazi anayechagua kwa kuangalia rangi peke yake atajikuta akiokota mizoga.

Kwa anayeanza, chaguo bora ni Labidochromis caeruleus, samaki wa njano mwenye ukingo mweusi kwenye pezi la mgongoni. Asili ya huyu wa njano ni upande wa Malawi wa ziwa hilohilo. Hukua hadi sentimita 10 hivi na ni miongoni mwa mbuna wapole kabisa. Chukua waliozalishwa na wafugaji, badala ya kumtuma mtu akawavue ziwani. Ukifikiria kuvua samaki wa mapambo, muone kwanza ofisa uvuvi wa wilaya akueleze masharti ya leseni.

Amani ya tangi huandaliwa

Tangi la lita 200 linatosha kundi dogo: dume mmoja na majike wawili au watatu kwa kila aina. Panga mawe ili kila samaki apate pa kujificha. Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa soko la Lyulilo, hata vilivyovunjika, ni mapango mazuri, mradi havijapakwa rangi na kingo kali zimesuguliwa.

Maji ya bomba yaache wazi siku nzima ili klorini ipungue, au tumia dawa ya kuiondoa. Kisha washa pampu na kichujio, weka chembe chache za chakula na usubiri wiki nne hadi sita kabla ya kuingiza samaki. Muda huo bakteria wazuri huota kwenye kichujio na kugeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Familia nyingi huharakisha hapa, na samaki hufa wiki ya kwanza. Baada ya hapo, badilisha robo ya maji kila wiki na lisha kidogo, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili.

Konokono asiingie nyumbani

Hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa mkali. Mtoto akianza kupenda samaki, atatamani kwenda ziwani au kwenye mfereji wa mpunga kutafuta mawe, majani na konokono wa kupamba tangi. Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hutoka kwa konokono, huogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hata kama hana kidonda.

Kusini mwa ziwa, upande wa Malawi, watafiti walihusisha ongezeko la kichocho na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono. Samaki anayebaki ziwani anaweza kumlinda mtoto ambaye hata hamjui.

Kwa hiyo mawe yachukuliwe na mtu mzima, yachemshwe au yakaushwe juani siku kadhaa. Ukilazimika kutumia maji ya ziwa, yachuje na yahifadhi siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa kisicho na konokono, kwani vimelea hivyo havidumu muda huo bila kumpata mtu. Mtoto aliyeoga ziwani kisha akaanza kukojoa damu, kuumwa tumbo au kuharisha damu apelekwe kituo cha afya. Kichocho kina tiba, dawa ya praziquantel.

Tangi lenyewe pia lina masharti:

• Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila akigusa maji ya tangi.
• Mwenye kidonda mkononi asiingize mkono humo, kwani kuna bakteria wanaosababisha vidonda visivyopona haraka.
• Mpira wa kutolea maji usivutwe kwa mdomo, na vifaa visioshwe kwenye sinki la vyombo.
• Chomoa umeme kabla ya kuingiza mkono, na tangi likae kwenye meza imara ambayo mtoto hawezi kuivuta.

Ukifuata haya, zawadi huja yenyewe. Jike wa mbuna hubeba mayai mdomoni kwa takribani wiki tatu, bila kula au akila kidogo sana, hadi vifaranga waweze kuogelea. Mtoto aliyelilia Nemo ataganda mbele ya kioo akimhesabia mama huyo siku.