Kupima Saa Kabla ya Kupima Lugha
Mwanaisimu anayepima katika kivinjari muda ambao msikilizaji huchukua kutambua neno, sharti kwanza aipime saa yenyewe. Njia ni nyepesi: programu huisoma saa hiyo mara maelfu mfululizo; tofauti ndogo kabisa inayojirudia, iliyo zaidi ya sifuri, ndiyo hatua yake. Mwaka 2018 hatua hizo zilipanuliwa makusudi, kwa kuwa dosari ya prosesa iitwayo Spectre iliwezesha siri za kumbukumbu kuibwa kwa kupima muda. Firefox ilifikia milisekunde 2. Kwa hatua hiyo, tofauti ya nusu milisekunde baina ya vipimo viwili haithibitishi lolote. Hivyo, kila matokeo na yatajwe pamoja na hatua ya saa iliyoyapima.