Uongo wa Kuruka

Ukitaka kujua kama mtu amewahi kuandika injini ya gemu za kuruka majukwaa, muulize mhusika wake alikwama wapi mara ya kwanza. Hatataja mashimo wala maadui. Atataja sakafu tambarare.

Sababu yenyewe ni ndogo. Ramani ya gemu hizi hupangwa kwa vigae, mara nyingi vya pikseli 16 kwa 16. Kila fremu, yaani kila picha inayochorwa, uvutano humsukuma mhusika chini kidogo, na nyayo zake huzama pikseli moja ndani ya kigae. Programu ikimsogeza mbele na chini kwa pamoja, ubavu wa kigae kinachofuata huhesabiwa kuwa ukuta, na shujaa anasimama ghafla kwenye barabara nyeupe. Dawa ni kumsogeza kwanza kwa mlalo, kukagua na kusahihisha, ndipo umsogeze kwa wima na kukagua tena. Ni mistari michache ya msimbo. Wengi huifikia baada ya kuandika mamia yasiyohitajika.

Muda nao una hila zake. Kuzidisha kasi kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia huonekana busara, mpaka siku kompyuta izubae kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Mhusika wa urefu wa pikseli 16 anayeanguka pikseli 400 kwa sekunde atashuka 40 kwa mkupuo. Alikuwa juu ya kigae, sasa yuko chini yake, na hawakugusana hata kidogo. Ndiyo maana injini makini hukata muda vipande sawa, tuseme 1/60 ya sekunde, na ikichelewa hurudia hesabu mara kadhaa kabla ya kuchora.

Fizikia ya kweli inaishia hapo, na heri iishie. Katika Super Mario Bros. ya 1985, gemu iliyotosha ndani ya kilobaiti 40, ukishikilia kitufe cha kuruka uvutano hupungua Mario anapopanda. Ukikiachia, unarudi kwa nguvu. Tena Mario hupunguza mwendo na hata kurudi nyuma akiwa hewani bila kushika chochote, jambo ambalo Newton asingeliidhinisha. Gemu ya Celeste ya 2018 ilidanganya zaidi: ukishapita ukingo wa jukwaa, bado una sehemu ya kumi ya sekunde ya kuruka; na ukigonga kona ya dari kwa pikseli 4 au pungufu, unasogezwa pembeni upite. Mchezaji hujiona hodari, na gemu haimsahihishi.

Kwa hiyo anayeanza aache kwanza taa, vumbi na muziki. Achore mstatili wa kijivu, auchezeshe mpaka kuruka kwake kumridhishe, kisha ndipo apime mashimo. Upana wa kila shimo hutokana na mruko huo, na anayebadili uvutano baada ya kuchora hatua ishirini atazichora upya zote ishirini.