KAMPUNI MOJA, KAZI NYINGI

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunajua faida ya shamba lenye vitu vingi. Migomba inaipa kahawa kivuli. Maharage yako chini. Samadi ya ng'ombe inarudi shambani. Bei ya kahawa ikianguka, ndizi zinatulisha.

Je, kampuni nayo inaweza kuwa hivyo? Ndiyo. Nchi ya Korea Kusini inazo. Wakorea wanaziita chaeboli. Chaeboli ni kundi la kampuni nyingi zinazoongozwa na ukoo mmoja. Mara nyingi baba akifariki, mtoto anashika uongozi.

Bidhaa zao tunazo hapa kwetu. Simu za Samsung zinauzwa madukani Arusha mjini. Ukipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, vichwa vyake vimetengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea.

WALIANZAJE?

Walianza wadogo. Samsung ilianza mwaka 1938 katika mji wa Daegu. Mwanzilishi wake, Lee Byung-chul, aliuza samaki wakavu, mboga na tambi. Leo kundi hilo linatengeneza simu na meli, linajenga majumba, tena linauza bima. LG ilianza mwaka 1947 na mafuta ya kupaka usoni. Ikaingia kwenye vitu vya plastiki, kama vitana. Mwaka 1959 ikatoa redio.

Chung Ju-yung wa Hyundai alikuwa mtoto wa mkulima. Alipokuwa kijana alitoroka nyumbani na fedha ambazo baba yake alipata kwa kuuza ng'ombe. Mwaka 1947 alianzisha kampuni ya ujenzi. Baadaye akatengeneza magari na meli. Mwaka 1998, akiwa mzee, alipeleka ng'ombe 1,001 Korea Kaskazini, alikozaliwa. Alisema analipa deni la yule ng'ombe mmoja!

Lakini hawakupanda peke yao. Kuanzia miaka ya 1960 serikali iliwapa mikopo ya riba ndogo. Sharti lilikuwa moja kubwa: uzeni nje ya nchi. Wafanyakazi nao walibeba mzigo. Walifanya kazi saa nyingi kwa mshahara mdogo, hata mwaka 1987 wakafanya migomo mikubwa.

HATARI YAKE

Kazi nyingi zinasaidiana. Moja ikipata hasara, nyingine inaibeba. Lakini deni nalo linatembea. Kundi la Daewoo lilianzishwa mwaka 1967. Lilikuwa na magari, meli, ujenzi na vyombo vya umeme. Lilikopa mno, na kampuni zake zilidhaminiana mikopo. Mwaka 1999 likaanguka. Maelfu ya watu walipoteza kazi.

Mwaka 1998 serikali ya Korea ilikuwa imeshakataza makundi makubwa kuendelea na mtindo huo wa kampuni za kundi moja kudhaminiana mikopo mipya.

NA SISI JE?

Tuseme kikundi chetu kina duka. Tunataka kuongeza mashine ya kusaga, halafu pikipiki ya kubebea mizigo. Ni jambo jema. Ila tufanye hivi:

1. Kila kazi iwe na daftari lake la mapato na matumizi.
2. Kazi ya kwanza isimame vizuri ndipo tuanze ya pili.
3. Tusiweke duka rehani kwa ajili ya deni la pikipiki. Pikipiki ikiharibika, duka nalo litakwenda.

Shamba letu limetufundisha kupanda vitu vingi. Daewoo inatufundisha kuangalia deni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chaeboli ni nini?
2. Kwa nini Daewoo ilianguka?
3. Kikundi chenu kina kazi ngapi? Ipi inaibeba nyingine?