Mnyama Haandiki: Nani Atunze Ushahidi Wake?

Februari 1903, wanawake wawili kutoka Sweden, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, walihudhuria somo University College London. Mbele ya wanafunzi alipasuliwa mbwa mdogo wa kahawia, angali hai. Katika shajara yao wakaandika kwamba mbwa yule alifurukuta, na kwamba hakutiwa nusukaputi ipasavyo. Profesa William Bayliss, aliyeendesha somo hilo, alikana, akaenda mahakamani na kushinda. Stephen Coleridge, kiongozi wa chama cha kupinga upasuaji wa wanyama hai, aliyeyatangaza madai hayo hadharani, akatozwa fidia ya pauni 2,000.

Wanaharakati hawakunyamaza. Mwaka 1906 sanamu ya mbwa huyo ilisimamishwa Battersea, London. Mwaka uliofuata wanafunzi wa udaktari wakafanya ghasia kuipinga, na Machi 1910 halmashauri ikaing'oa gizani chini ya ulinzi wa polisi. Baadaye ikayeyushwa. Kilichosalia ni karatasi: shajara iliyochapishwa kuwa kitabu, taarifa za kesi, magazeti na picha. Sanamu mpya iliposimamishwa mwaka 1985, maneno ya ile ya kwanza yaliweza kuandikwa tena kwa kuwa yalikuwa yametunzwa.

Wafanyakazi waliogoma au wananchi waliodai uhuru waliacha wajukuu wa kusimulia habari zao. Mnyama haachi wosia wala barua. Ushahidi wa mateso yake, na wa waliomtetea, umo mikononi mwa binadamu. Tukiutupa, dhuluma inakuwa kama haikutokea.

Wako walioliona hilo mapema. Nyaraka za chama cha Uingereza cha kukomesha upasuaji wa wanyama hai, kilichoanzishwa na Frances Power Cobbe mwaka 1898, zimehifadhiwa katika mji wa Hull. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kinatunza nyaraka za Tom Regan, aliyefundisha falsafa hapo kwa zaidi ya miaka thelathini na mwaka 1983 akatoa kitabu The Case for Animal Rights. Maktaba ya Taifa ya Uingereza nayo imepokea nyaraka za watetezi wa wanyama Richard Ryder na Kim Stallwood.

Mfano wa Ryder unaonyesha thamani ya vitu vidogo. Mwaka 1970 alisambaza kipeperushi Oxford akisema kumbagua kiumbe kwa sababu ya spishi yake ni sawa na kumbagua mtu kwa rangi. Hoja hiyo ikachukuliwa na mwanafalsafa Peter Singer katika kitabu Animal Liberation mwaka 1975, ikaenea duniani. Vipeperushi vya namna hiyo ndivyo vinavyopotea kwanza, kwa sababu vikundi vingi huendeshwa kutoka sebuleni. Mwanaharakati akifariki, ndugu husafisha chumba na maboksi huishia jalalani.

Na wapinzani wa harakati nao hutunza kumbukumbu zao. Kwa miaka mingi makachero wa polisi wa London walijipenyeza katika vikundi vya kutetea wanyama na kuandika ripoti. Uchunguzi wa umma kuhusu ukachero huo ulianzishwa mwaka 2015. Harakati isiyotunza maandishi yake itasimuliwa kwa kalamu ya aliyeipeleleza.

Jambo hili linatuhusu. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafiki marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Waliodai hatua hiyo, wakiwamo wenye punda wa Afrika Mashariki walioamka na kukuta mazizi matupu baada ya punda wao kuibwa, wanazo barua za malalamiko, mihtasari ya vikao na picha zilizobaki kwenye simu. Ziwekwe tarehe na majina ya mahali, zinakiliwe, zikabidhiwe maktaba ya chuo au ofisi ya nyaraka za taifa. Zitunzwe hata za kesi zilizoshindwa na mabishano ya ndani. Majina ya waliotoa siri yafichwe mpaka hatari ipite.

Kazi hiyo ianze sasa, wakati waliopigana bado wapo na wanaweza kutuambia kila karatasi ilitoka wapi.